Sahani ya Eliasi

Niliwahi kumwekea rafiki yangu maharage badala ya dada yake. Nikisema hivyo watu wa Musinzira, mtaa wetu hapa Gitega, hucheka, na ni mimi niliyewazoesha kucheka, maana kwa miaka kumi na mitano nimeisimulia habari hii kwenye kila kikao chenye pombe ya ndizi, na kila nikiisimulia naongeza chumvi: maharage yanakuwa mengi zaidi, ndizi zinakuwa laini zaidi, na mimi nakuwa mjinga zaidi. Ujinga ni nguo nzuri ya kujifunika. Mtu akishakucheka hakuulizi swali la pili. Lakini mwezi uliopita nilienda Muyinga kumzika Eliasi, rafiki huyohuyo, na pale msibani nilipoombwa niseme neno, nikaanza na maharage kama kawaida yangu, na hakuna aliyecheka. Mjane wake alitazama chini. Binti yake, Editha, alinitazama mimi. Nikakaa kabla sijamaliza. Kwa hiyo safari hii naandika, kwa sababu karatasi haicheki wala hainikodolei macho, na nitajaribu kuipunguza ile chumvi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na sifa yangu kubwa mtaani ilikuwa kutokutoka nyumbani. Kazi yangu ya kutengeneza redio niliifanyia sebuleni. Walioleta redio walinikuta pale, na waliokuja kuzichukua walinikuta palepale, pengine na shati lilelile. Jirani yangu Mama Odeta, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, aliniita Konokono. Alikuwa na desturi ya kunisalimia kwa kugonga ukuta: "Konokono! Iko mutu mule ndani, ao iko nyumba tupu?" Ukuta wenyewe ni wa matofali mabichi, nyumba zetu mbili zinaegemeana kwa ukuta huo mmoja, na ni mwembamba kiasi kwamba akikaanga vitunguu kwake, macho yananiwasha mimi kwangu. Sebule ilikuwa na meza ya kazi, viti vinne visivyofanana, pazia la kijani lililopauka upande wa dirisha, na mashine ya kuchezea santuri niliyoiunga kutoka kwa mashine tatu zilizokwisha kufa. Sikuwa na mke, sikuwa na mbwa. Nilikuwa na mashine hiyo, na mashine hiyo ndiyo iliyonitafutia watu.

Watu walikuja wengi, wakasikiliza, wakachoka, wakaenda zao. Waliobaki walikuwa wawili. Wa kwanza Papa Bahati, mfanyabiashara, naye wa kutoka Kivu ya Kusini, mfupi, mwenye kunukia sabuni, aliyekuwa akipita mpaka wa Kobero, wa kuingilia Tanzania, kila baada ya wiki mbili na marobota ya vitenge, na katikati ya vitenge huwa amefungia santuri kuukuu alizozikomboa kwenye baa zilizofungwa, za Kigoma, za Bukavu, za kwingine ambako hakutaka kututajia. Yeye alisema "diski." Wa pili ndiye Eliasi, mkulima wa Muyinga, aliyekulia makambini Tanzania na kurudi akiwa mtu mzima, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata ukimsikiliza unajikuta umekaa wima. Yeye alisema "santuri." Papa Bahati hakumwacha apumue. "Eliasi akisema 'naomba unisogezee kiti,' mi naonaka niko mbele ya jaji. Sema tu, leta kiti, papa!" Na Eliasi humjibu kwa upole uleule: "Ndugu yangu, ukiletewa kiti kwa kuomba, unakikalia kwa raha zaidi." Alikuja Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na mfuko wa maparachichi, na hakuna hata siku moja aliyofika bila kupangusa viatu kwanza mlangoni, ingawa sakafu yangu ilikuwa na vumbi kuliko viatu vyake.

Tulikuwa na mchezo wetu. Wimbo mmoja ukiwa umechapwa mara mbili, zamani na tena juzi huko Ulaya, tuliziweka santuri zote mbili mezani; mmoja wetu akageuza kiti, akatazama ukuta, na wengine wakacheza moja bila kumwambia ni ipi. Aliyegeuka alitakiwa aseme: ya kwanza, au ya pili. Ni rahisi kuliko inavyosikika, na ni ngumu kuliko tulivyojidai. Chapa ya kwanza ina mikwaruzo kama samaki kwenye mafuta, na besi yake ni nzito, inakaa kifuani. Chapa ya pili imesafishwa. Kila gitaa liko mahali pake, lakini wanamuziki wanasikika kama watu walioogeshwa na kupangwa mstari wapigwe picha. Papa Bahati aliipenda chapa ya pili. "Hii iko propre, safi. Unasikia hata kidole kwenye kamba." Eliasi aliipenda ya kwanza, na hakueleza kwa nini. Mimi nilikubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho. Aliyegeuka, kwa vile alitazama ukuta, alikuwa anatazamana na Mama Odeta bila kumwona, na mara nyingi kabla hajafungua mdomo ukuta ulishagongwa: "Iyo ni ya zamani! Mbona munapoteza wakati?" Alikuwa na sikio kali kuliko sisi sote watatu. Hatukumwambia.

Baada ya muziki tulikula. Mimi nilipika, maana nilikuwepo: maharage na ndizi kwa mafuta ya mawese, na wiki Papa Bahati akiwa amepita sokoni, ndagala juu yake. Aliyechelewa aliwekewa chakula chake kwenye sahani ya bati, ikafunikwa na sahani nyingine, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Gari kutoka Muyinga zilikuwa na tabia zake, na sahani ya kufunikwa, mara nyingi, ilikuwa ya Eliasi. Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo shimo nililotumbukia, au ndilo shimo nililojichimbia, sijui.

Santuri aliyoithamini Eliasi ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, na karatasi yake ya katikati ilikuwa imechanika hata jina halisomeki. Kwake Muyinga hakuwa na mashine, kwa hiyo aliiacha kwangu, kwenye kabati, ndani ya bahasha niliyoishona kwa karatasi ya saruji. Tuliiita ya Veronika. Veronika alikuwa dada yake. Msimu mmoja aliimba nyuma ya bendi fulani ya Kigoma, wakapanda lori mpaka Nairobi kurekodi, wakarudi, na mvua zilizofuata homa ikamchukua. Kambi waliyoishi ilikwisha kufungwa, na mahali walipomzika, Eliasi aliambiwa, pamekuwa msitu. "Hana picha," alituambia siku ya kwanza alipoileta, "na kaburi lake siwezi kulifikia. Ana sekunde nne." Tukaiweka. Kabla gitaa halijaanza kuna ukimya wa mikwaruzo, na ndani ya ukimya huo mwanamke anavuta pumzi, karibu sana na kipaza sauti, kama mtu anayetua mzigo, kisha anasema neno moja: "Haya." Si kuimba. Anawaambia wenzake waanze. Gitaa linaingia, na kuanzia hapo yeye ni sauti moja kati ya sauti tatu za nyuma, huwezi kumchambua. Eliasi alivua kofia yake sindano ilipogusa santuri, akaivaa gitaa lilipoingia. Halafu akasema, "Naomba unirudishie mwanzo." Nikarudisha. Jumapili zile nilirudisha mwanzo mara sita, mara nane, na Papa Bahati, ambaye hawezi kunyamaza hata kanisani, alinyamaza.

Kisha Papa Bahati akaleta habari. Mpwa wake aliyeko Ubelgiji alifahamiana na watu wanaokusanya nyimbo za zamani za huku na kuzichapa upya kwenye santuri kubwa, na wimbo wetu ulikuwemo, upande wa pili, wa tatu. Lakini nakala waliyoitumia ilikuwa imechoka. Walitafuta chapa ya kwanza iliyo na afya, ili toleo litakalofuata liwe bora zaidi. Atakayewapa watampa toleo jipya, na juu yake sindano ya almasi, mpya, ndani ya kiboksi chake. Eliasi alikuwepo siku hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mdomo, akasema, "Nitafikiri. Nitapiga simu." Mimi niliwaza sindano tu. Sindano yangu wakati huo ilikuwa imelika hata ilianza kuzichimba santuri badala ya kuzisoma, na fundi anayejua kwamba mashine yake inaua kile inachokipenda halali vizuri.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata Papa Bahati alifika asubuhi, mapema, na santuri kubwa ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa. Kile kiboksi alikiweka mezani, akakifungua, akakiacha wazi. Lori lake lilikuwa linaondoka saa sita kwenda Kobero, na mtu wa kuipeleka mbele ile ya Veronika alikuwa anamngoja huko. Tukamngoja Eliasi. Maharage yalikuwa jikoni. Papa Bahati alitoka nje kuongea na Mama Odeta kuhusu bei ya ndagala, wakabishana kwa furaha kama watu wa nyumba moja, na ndipo simu yangu ilipolia. Mtandao wa kule milimani siku hizo ulikuwa kama mtu anayeongea huku akizamishwa majini. "Bwana Deo? Gari imeharibika, nimekwama Karuzi... nitafika mchana... sikiliza... sahani yangu, tafadhali. Itunze. Usimpe mtu." Nikacheka. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, muzee, nitaifunika vizuri." Akasema, "Mungu akubariki," na simu ikakata.

Sahani. Kwetu sahani ni ya kulia. Sisi wa Gitega tuna diski, tuliosoma tuna santuri. Lakini huko makambini, nilikuja kujua baadaye, wazee walisema wimbo ni santuri, na kile kipande cheusi chenyewe, kile unachokishika kwa kingo, ni sahani. Eliasi hakuwa amelitumia neno hilo mbele yetu, kwa sababu mbele yetu alikuwa mwangalifu. Siku hiyo alikuwa amekaa kando ya barabara, ana haraka, akasema kama alivyosema utotoni. Papa Bahati alirudi ndani akauliza, "Kasema nini?" Nikasema, "Kasema nimuwekee chakula." "Na diski?" "Hakusema kitu." "Basi kakubali. Mutu akikataa anasemaka." Aliichukua bahasha ya karatasi ya saruji kutoka mkononi mwangu. Naandika hivi: kutoka mkononi mwangu. Sikumwonyesha kabati, nililifungua mwenyewe. Na katika miaka yote hii ya kuchekesha watu sijawahi kuwaeleza lile neno la mwisho la kwenye simu, usimpe mtu, wala jinsi alivyolisema. Ni nani aliyewahi kuyaombea maharage kwa sauti ile? Lakini sindano ilikuwa mezani, ndogo kama jino la panya, inang'aa, na mimi nilisikia chakula kwa sababu chakula kilinifaa.

Eliasi alifika saa tisa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipangusa viatu. Nilimkaribisha kwa mbwembwe, nikamkalisha, nikafunua sahani kama mhudumu wa hoteli. Aliyatazama maharage, akanitazama, akanawa, akala. Alikula yote, polepole, kwa heshima, na mimi nilisimama pale nikiongea juu ya sindano mpya, jinsi ilivyo nyepesi, jinsi tutakavyosikia vitu ambavyo hatujawahi kuvisikia. Alipomaliza alinawa tena. Akasema, "Asante. Sasa naomba sahani yangu." Nikasema, "Si hiyo hapo? Unataka kuongezewa?" Akadhani namtania, akatabasamu. "Deo. Sahani ya Veronika." Nilitazama ile sahani ya bati, na tone la mawese katikati yake, na ndipo nilipoelewa, na bado mdomo wangu uliendelea peke yake: "Lakini tunalo toleo jipya, muzee. Limesafishwa." Hakupandisha sauti. Aliniomba niliweke. Nikachana nailoni, nikashusha sindano ya almasi mahali pa wimbo wa tatu, na gitaa likaingia, pana, safi, zuri kuliko tulivyowahi kulisikia. Eliasi alikuwa ameshika kofia kifuani. "Rudisha mwanzo," akasema. Nikarudisha. Gitaa. "Rudisha mwanzo." "Ndio mwanzo, Eliasi." "Hapana. Ule mwanzo wa mwanzo." Hapakuwa na mwanzo wa mwanzo. Walikuwa wamekata ukimya kwa sababu haukuwa na muziki ndani yake.

Ndipo Konokono akatoka. Asubuhi iliyofuata nilipanda gari, mimi ambaye kwenda soko la Makebuko, hapa jirani tu, kwangu ilikuwa safari ya kuaga watu, nikafika Muyinga, nikafika Kobero, nikasimama kati ya malori na wabeba mizigo na wavunja fedha nikiwa na sandali za nyumbani, nikiuliza kila mtu kama amemwona mtu mfupi anayenukia sabuni. Walinicheka mpaka wakanihurumia. Papa Bahati nilimkuta anakula mishikaki. Nilipomweleza, nyama ilibaki hewani. "Ayi, Deo. Ile diski ilishavuka jana. Saa hii iko njiani, nitaanza kuomba nani?" Alipiga simu mbele yangu, kwa mtu wa kwanza, kwa wa pili, akatukana, akabembeleza. Miezi miwili baadaye jibu lilikuja, lenye adabu, na picha: santuri ilifika imevunjika vipande viwili, wanasikitika sana. Papa Bahati aliniletea picha hiyo kwenye simu yake, akaiweka mezani, akasema, "Mi siwezi kumuonesha. Muoneshe we." Sikumwonyesha mimi pia. Nilimwambia kwa maneno, na kwa maneno machache.

Siku ile ya Kobero, wakati wa kurudi, nilipita kwa Eliasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Mkewe alinipa kiti kizuri, wakanipakulia ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, wakaniacha peke yangu sebuleni kama mgeni wa maana, na sikuweza kumeza. Nyuma ya ukuta niliwasikia. Mke alisema, "Huyo ndiye aliyempoteza wifi?" Eliasi akasema, "Sema taratibu." "Mimi nasema ungemwambia ukweli jinsi unavyoumia." "Nimwambie nini tena? Tazama, hata kula ameshindwa." Mke akasema: "Basi kamwambie ale. Asije akazimia kwetu." Eliasi akaja, akakaa mbele yangu, akamega ugali wangu kwa mkono wake, akaula kidogo ili nione kwamba unalika. Hatukuongea juu ya santuri. Aliniuliza kama sindano inafanya kazi vizuri. Nikasema ndiyo. Bado sijui kama lilikuwa swali au fimbo.

Aliendelea kuja. Hilo ndilo nisiloweza kulieleza kwenye vikao vya pombe, kwa hiyo huwa naikatia habari pale kwenye maharage. Jumapili ya kwanza ya mwezi, maparachichi, viatu, kofia. Aliomba toleo jipya, wimbo wa tatu. Na baada ya miezi miwili au mitatu alifanya jambo. Ilikuwa zamu yangu kugeuka. Papa Bahati alikuwa na santuri nyingine za kulinganisha, tumeshacheza kadhaa, nimeshakosea zote, na nilikuwa nautazama ukuta nikihesabu nyufa. Nikasikia sindano ikishuka. Nikasikia pumzi, karibu sana, kama mtu anayetua mzigo. Kisha: "Haya." Gitaa likaingia. Nikaruka kwenye kiti. "Ya kwanza!" nikapiga kelele, "ya kwanza! Bahati, umeipata wapi?" Nikageuka. Papa Bahati alikuwa amejishika mdomo. Mkono wa mashine ulikuwa juu ya toleo jipya, na Eliasi alikuwa ameinama karibu na sikio langu, kofia mkononi, ameyafumba macho, na mdomo wake ulikuwa bado umefunguka kwa umbo la lile neno. Ile sauti haikuwa ya mzee wa miaka sitini. Tulingoja, kwa mazoea, Mama Odeta agonge. Siku hiyo ukuta haukugongwa.

Tangu siku hiyo akawa anaifanya kila mara. Sindano ikishuka, yeye anavuta pumzi, anasema, gitaa linaingia, hata sekunde haipishani. Papa Bahati alianza kupata sababu za kutokuja. "Mi siogope muziki," aliniambia mlangoni, "mi naogopa ule mutu hayuko, na tena iko." Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilikaa na Eliasi, wawili, tukisikiliza, na kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa naisikia kabla hajaifanya, nikiwa peke yangu, katikati ya wiki, redio ya mtu ikiwa imefunguliwa matumbo mezani: pumzi, neno. Nilikuwa nageuka. Nilianza kuacha redio moja ikilia siku nzima ili kusiwe na ukimya wa kutosha. Kisha miguu ya Eliasi ikaanza kuvimba, gari zikawa taabu kwake, akaja mara chache, halafu tukabaki na simu, na kwenye simu tuliongea juu ya mvua. Papa Bahati alirudi Uvira. Mashine niliifunika kwa kitambaa. Sikumrudia Eliasi kule Muyinga hata mara moja, miaka yote hiyo, mimi na umaarufu wangu wa kupenda nyumbani, mpaka nilipoenda kumzika.

Baada ya mazishi Editha alinifuata nyuma ya nyumba, mahali wanawake walipokuwa wakisugua masufuria ya msiba. Ni mwalimu sasa, ana mtoto mgongoni. "Baba mdogo," aliniambia, na jinsi alivyoniita hivyo nilitamani ardhi inimeze, "kuna kitu nataka kukuomba. Sisi hatujawahi kuisikia ile sahani. Tulimsikia baba tu, akiifanya peke yake shambani. Tulipokuwa wadogo tulidhani anakohoa. Lakini wewe uliisikia yenyewe. Huyu mtoto nimempa jina la Veronika. Nifanyie nirekodi." Alikuwa ameshatoa simu. Nikamwambia sauti yangu ni ya chura. Akasema, "Si neno." Nikamwambia watu wanatutazama. Akasema, "Waache." Basi nikasimama pale, kati ya masufuria, nikavua kofia, nikavuta pumzi kama mtu anayetua mzigo, nikasema. Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili ilikuwa karibu. Mara ya tatu wanawake waliokuwa wakisugua waliacha, na mmoja akajishika kifua, na nikajua nimeipata. Editha aliisikiliza tena palepale, sikio kwenye simu, machozi yakimtoka, akasema asante, baba mdogo, sasa tunaye. Nilirudi Gitega nikiwa mwepesi. Ndani ya gari nilijiambia kwamba deni, kama ni deni, nimelilipa kwa njia pekee iliyobaki.

Editha aliituma ile sauti kwenye simu yangu jana. Asubuhi nilitoka nayo nje, nikakaa kwenye kizingiti, nikaicheza, nikairudia, nikairudia. Mama Odeta alikuwa uani kwake akichambua ndagala kwenye ungo. Mgongo umeinama siku hizi, lakini masikio hayajazeeka. "Nani huyo?" akauliza. Nikasema ni mimi. "Unafanya nini?" Nikamweleza: namfanya Veronika, yule wa diski ya Eliasi, yule wa mwanzo kabla ya gitaa, kama bado anamkumbuka. Akaweka ungo chini. Akaniomba niicheze tena, na nikaicheza, sauti mpaka mwisho, nimeinyoosha simu kuelekea kwake kwa majivuno. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya, nadhani, mwaka mzima ule upande wa pili wa ukuta, wakati sisi hatumwoni. Kisha akaokota ungo wake, na kabla hajarudi kwa samaki wake akaniambia:

"Hapana, jirani, siyo vile. Mi nilimusikiaka kila dimanshi ya diski zenu, ule mwanamuke alikuwa anacheka. We unalia."